Fahamu: Chebilat, soko lililokaa juu ya mpaka

Mji wa Siongiroi nchini Kenya ukitajwa, msikilizaji hufikiria eneo la Chepalungu, ng'ombe wa maziwa na mahindi. Lakini katika kaunti hiyohiyo ya Bomet kuna mji mdogo wenye jina zito zaidi: Chebilat, kwenye barabara ya Keroka kwenda Sotik. Upande mmoja ni Bomet ya Wakipsigis, upande wa pili ni Borabu, kaunti ya Nyamira, ya Wakisii.

Chanzo cha uhasama mpakani hapa ni ardhi. Wakoloni waliweka ukanda wa mashamba ya walowezi kati ya jamii hizo mbili. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, sehemu ya Borabu ilikatwakatwa na kupewa Wakisii kupitia mpango wa makazi, na baadhi ya Wakipsigis wakabaki wakinung'unika. Wizi wa ng'ombe ukaongeza chumvi kwenye kidonda.

Vita vilizuka mwaka 1992, kisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi na polisi mjini Eldoret tarehe 31 Januari 2008. Baada ya kifo chake mpaka ukalipuka, na Chebilat ikateketezwa.

 Hata hivyo, kuvuka mpaka wa Chebilat hakuhitaji pasipoti. Mkisii huleta ndizi, Mkipsigis huleta maziwa, na wote huitaka noti ileile.