Wema Nao Hupimwa

Mradi mmoja wa kuwaepusha watoto na uhalifu ulipoanza mwaka 1939, katika miji jirani ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wavulana 650 walikuwa wamepangwa wawili wawili. Kila jozi ilifanana kadiri ilivyowezekana: umri, akili, hali ya nyumbani, hata mtaa. Kisha ikarushwa sarafu. Mmoja akapata mshauri wa kumtembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu na kambi za likizo. Mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake kama kawaida.

Aliyebuni mpango huo, daktari Richard Clarke Cabot, aliamini kwamba mtoto anayeelekea kuharibika anaweza kuokolewa na mtu mzima anayemjali. Hata mimi ningeamini hivyo. Lakini Cabot alifanya jambo ambalo wafadhili wengi hawalifanyi hadi leo: alikubali imani yake ipimwe.

Sehemu ya wavulana wale tayari walikuwa wasumbufu. Leo baadhi yao tungewachunguza kwa kile tunachokiita tatizo la mwenendo. Si utundu wa kuvunja kikombe au kumjibu bibi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka zionekane angalau dalili 3 kati ya 15 ndani ya miezi 12: kuonea na kupiga wenzake, kutesa wanyama, kuiba, kuchoma mali ya watu, kulala nje usiku bila ruhusa, kutoroka shule. Mitaani kwetu mtoto wa namna hiyo huambiwa ameshindikana, na wazee humalizia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo imewafungia mlango watoto wengi mno.

Mradi ulikwisha mwaka 1945. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta wavulana wale, sasa watu wazima wenye mvi. Akawauliza waliosaidiwa: je, mradi ulikufaa? Thuluthi mbili wakasema ndiyo. Wengine waliwakumbuka washauri wao kwa upendo.

Angeishia hapo, mradi ungesifiwa dunia nzima. McCord hakuishia hapo. Alifungua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo, akamlinganisha kila mmoja na yule aliyekosa bahati ya sarafu. Waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Miongoni mwa waliowahi kuhukumiwa, wao ndio waliorudia makosa zaidi. Dalili za ulevi na maradhi mazito ya akili zilikuwa nyingi zaidi kwao, na waliokufa miongoni mwao walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1978.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba madhara yalijikusanya zaidi kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo ambayo watafiti wengi huyapa uzito ni haya: ukiwakusanya vijana wasumbufu mahali pamoja, wanafundishana. Mmoja anasimulia alivyoiba, wenzake wanacheka, na kicheko kile ni tuzo kubwa kuliko nasaha za mshauri.

Kumtisha mtoto nako kumepimwa. Katika gereza la Rahway, New Jersey, wafungwa wa maisha waliwafokea vijana ili waogope uhalifu, na filamu iliyohusu mpango huo ikapata tuzo ya Oscar. James Finckenauer alipowalinganisha vijana wale na wenzao ambao hawakupelekwa, ndani ya miezi 6 asilimia 41 ya waliotishwa walikuwa wamefanya makosa mapya, dhidi ya asilimia 11 ya wenzao. Nawaomba wazazi wanaompeleka mtoto kituo cha polisi "akatishwe kidogo" wazitazame namba hizo mara mbili.

Je, kipo kinachosaidia? Kipo, na mara nyingi huanza kwa mzazi. Mafunzo yaliyopimwa mara nyingi zaidi kwa watoto wadogo humweka mzazi kwenye kiti, mzazi mwenzake akaigiza mtoto anayegoma kuoga. Mzazi anajifunza kutoa agizo moja fupi, kungoja, kisha kusifu kitendo chenyewe: "Asante kwa kuweka viatu mahali pake." Ni jambo dogo, lakini nimeona mama akitokwa machozi kwa kugundua kwamba hajawahi kumwambia mwanawe neno zuri wiki nzima. Dawa kama risperidone hupunguza ukali kwa muda, ila huongeza uzito na hazimfundishi mtoto kitu.

Kwa vijana wakubwa kazi ni ngumu zaidi. Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, familia 552 ziliingia kwenye jaribio la mafunzo ya wazazi na vijana pamoja, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Vipigo vilipungua, usimamizi wa wazazi ukaimarika, vijana wakapunguza matumizi ya vilevi. Usumbufu wa vijana wenyewe haukupungua kwa kiwango cha kutosha kuthibitisha. Watafiti waliyaandika yote mawili, na ndiyo maana nawaamini. Mafunzo ya mkondo huo yamefika Tanzania kwa jina la Furaha Teens.

Ndugu mzazi, ukiletewa mpango wa kumrekebisha mtoto, uliza umelinganishwa na nini, nani walihesabiwa, na baada ya muda gani. Ukiombwa aingie kwenye jaribio, yeye mwenyewe aelezwe na aulizwe kwa lugha anayoielewa. Una haki ya kukataa, na una haki ya kumtoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.