Joto hili, umeikagua miguu yako?

KUANZIA Januari hadi katikati ya Machi, ukishuka kwenye matatu pale Githurai 45 saa nane mchana, lami hukuchoma hata kabla hujaingia sokoni.

Tazama walio karibu nawe. Mama anayeuza nyanya amesimama tangu alfajiri. Makanga hajavua raba zake kutwa nzima. Mwanafunzi anarudi nyumbani na viatu vyeusi vya ngozi juu ya soksi za nailoni. Wote watanawa uso wakifika nyumbani. Miguu wataikumbuka siku itakapoanza kunuka au kuuma.

Je, wewe uko katika kundi hili?

Nyayo zina tezi za jasho nyingi kuliko sehemu nyingi za mwili. Jasho lenyewe halinuki. Harufu hutokea pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapojilisha jasho hilo na ngozi iliyokufa, ndani ya kiatu chenye joto na unyevu.

Unyevu huo huo huita kuvu. Utaijua kwa kuwasha, na kwa ngozi kugeuka nyeupe, kulainika na kuchubuka, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake. Katika ploti ambako familia nyingi hutumia bafu moja, au katika bweni la shule, huenea upesi. Vaa ndara unapooga, wala usiazime taulo, soksi au viatu vya mwenzako.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Kila jioni osha miguu kwa sabuni na maji, kisha ikaushe vizuri, kidole kwa kidole. Watu wengi huosha na kuacha maji katikati ya vidole, na hapo ndipo kuvu huanzia.

Soksi zibadilishwe kila siku, na za pamba ni bora kuliko za nailoni. Viatu navyo vinahitaji mapumziko ya saa 24 vikauke. Kama una jozi moja tu, legeza kamba, toa soli ya ndani na uviweke mahali penye hewa usiku kucha.

Ukinunua viatu vya mitumba, kumbuka vilivaliwa na mguu usioujua. Visugue ndani kwa sabuni na uvianike juani hadi vikauke kabisa. Tena, nenda kuvinunua jioni. Miguu huvimba kidogo kwa joto na kusimama, na kiatu kilichokutosha asubuhi huenda kikakubana baadaye.

Kama kuvu imeshaingia, uliza duka la dawa krimu ya klotrimazoli. Kosa la wengi ni kuiacha mara tu kuwasha kunapokoma. Endelea kupaka kwa muda ulioelekezwa, kwa kawaida kama wiki 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Jihadhari na krimu zenye steroidi usizoandikiwa na daktari, kwani hutuliza mwasho huku kuvu ikienea.

Visigino navyo hupasuka kwa vumbi, ukavu na viatu vya wazi. Loweka miguu kwa maji ya vuguvugu, sugua polepole kwa jiwe la miguu, kausha, kisha paka mafuta mazito na uvae soksi ulale. Usikate sugu kwa wembe.

Lakini ushauri huu wa kuloweka na kusugua haumhusu kila mtu nyumbani. Kama baba, mama au nyanya ana ugonjwa wa kisukari, mambo ni tofauti.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kupunguza damu inayofika miguuni. Mgonjwa anaweza kukanyaga msumari, au kuunguzwa na lami, asihisi. Kidonda hicho hukawia kupona, kikaoza, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu.

Kwa hivyo asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Asiloweke miguu, wala asipake mafuta katikati ya vidole. Apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, asije akakanyaga changarawe siku nzima bila kujua.

Kila usiku, nyayo zake zikaguliwe. Mzee asiyeweza kuinama au asiyeona vizuri hawezi kufanya hivyo peke yake, na hiyo ni kazi ambayo mtoto wa shule anaweza kupewa. Akiona lengelenge, wekundu, uvimbe au jeraha, mgonjwa apelekwe hospitalini bila kusubiri siku ya kliniki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye kisukari ufa huo huenda uko kwenye kisigino. Leo jioni, kabla ya kulala, washa taa uitazame miguu yako, kisha umwombe mzee wako akuonyeshe yake.