Vijineno vya Kiingereza Vinavyotupoteza Njia

Wengi wetu tuliopita darasani twajua ya kuwa "go" ni kwenda, "come" ni kuja, "run" ni kukimbia na "bring" ni kuleta. Maneno hayo tulifundishwa mwanzo kabisa, tukayaimba kwa pamoja mpaka yakaota mizizi vichwani. Kwa hiyo hakuna ayaogopaye. Mtu huogopa neno refu, akalitafuta katika kamusi. Bali neno fupi hulipita kama apitavyo jirani aliyemzoea, asimwulize habari. Nami nilikuwa hivyo, hata siku moja neno fupi likaniaibisha mbele ya watu.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kusoma barua za Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili matangazo ya kubandikwa sokoni na penye nyumba za ibada. Palikuwa na mkutano uliopangwa Alhamisi tarehe 20, ambapo afisa kutoka makao makuu angekuja kupokea fomu za msaada wa karo ya shule. Ikaja barua kusema kwamba mkutano "has been brought forward by one week". Niliisoma mara moja tu. "Bring" ni kuleta, "forward" ni mbele. Na sisi tukiusogeza mkutano mbele tumeuahirisha. Basi nikaandika tangazo safi, kwa herufi kubwa: mkutano umesogezwa mbele kwa juma moja, utakuwa Alhamisi tarehe 27.

Kumbe Mwingereza asemapo hivyo ana maana ya kuwa siku imekaribishwa. Afisa alifika tarehe 13, akakuta uwanja mtupu na mbuzi wawili watatu wakila majani. Tukahangaika kutuma watu vijijini. Waliokuwa karibu wakaja mbio, lakini yeye hakuweza kungoja kupita saa kumi, na daftari ikafungwa siku hiyo hiyo. Tarehe 27 wakaja wale ambao habari za pili hazikuwafikia. Bibi mmoja alikuwa ametoka ng'ambo ya mto kabla ya jua kuchomoza, fomu ya mjukuu wake ameifunga katika pindo la leso. Nikamwambia, "Bibi, kosa ni langu." Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mtoto atasoma kwa kosa lako?" Mkubwa wangu aliandika barua ya kuomba radhi, na fomu kadhaa zikapokewa. Ya bibi yule ilirudishwa.

Tangu siku ile nimelichunguza jambo hili kwa bidii ambayo yafaa ningekuwa nayo shuleni. Kwetu mbele ni kule tuendako, yaani siku zijazo. Mwingereza naye huutazama mkutano kana kwamba unamjia. Akiuleta "forward", ameuvuta upande wake. Akitaka kuuchelewesha husema "put off", au "put back", yaani huurudisha nyuma! Tunachokiita mbele, yeye hukiita nyuma. Na kama kwamba hayo hayatoshi, katika daftari la hesabu "brought forward" ni jumla iliyotolewa ukurasa uliopita ikaandikwa juu ya ukurasa mpya. Nalo jalada la ofisini likiandikwa "B.U." pamoja na tarehe, maana yake ni "bring up": si kulipandisha popote, bali kulitoa kabatini siku ile ifikapo na kumwekea afisa mezani.

Shida, basi, haimo katika kitenzi. Imo katika kijineno kinachokifuata: "up", "off", "on", "over", "out". Kijineno hicho hukishika kitenzi mkono kikakipeleka kisikotarajiwa. Mathalani, "go off". Mtu aki-"go off" ameondoka. Bunduki iki-"go off" imefyatuka. Maziwa yaki-"go off" yameharibika. Taa ziki-"go off" zimezimika, bali saa ya kengele iki-"go off" ndiyo kwanza imeanza kulia. Kitu kimoja kimenyamaza na kingine kinapiga kelele, na neno ni lile lile. Au tazama "run". Rafiki akikuambia kwamba jana ame-"run into" mjomba wako mjini, furahi, kwani wamekutana kwa bahati. Akisema ame-"run over" mjomba wako, mwite askari, maana amemkanyaga kwa gari. Sukari ikiisha nyumbani mmei-"run out of", ijapokuwa hakuna aliyekimbia wala kutoka nje. Na mtu aki-"come down with" homa, hakushuka mahali, ameugua.

Wala tusidhani kwamba ni sisi tu tunaosumbuka. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka wa 1755, alikiri katika dibaji ya kwamba maneno ya namna hii huwapa wageni taabu kubwa. Jina ambalo walimu huyaita leo, "phrasal verbs", lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1925. Maneno yenyewe ni ya zamani kuliko jina lake kwa karne nyingi.

Kiingereza ni kama nyumba ya orofa mbili. Chini wanakaa wazee wa asili wa lugha, "go", "come", "put", "get", pamoja na vijineno vyao. Juu wanakaa wageni waliotoka Kilatini na Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka wa 1066: "ascend", "descend", "return", "postpone". Sisi tuliosomea vitabuni tulipandishwa orofa ya juu mapema, na chini hatukukaa sana. Ndiyo maana msomi wetu aweza kuandika waraka mzuri wa kurasa tatu, kisha akababaika akisikia watoto wa Kiingereza wakizungumza. Hapa Kenya abiria husema ata-"alight" mbele kidogo. Neno si kosa, lakini Mwingereza hulikuta zaidi katika matangazo ya stesheni. Mdomoni mwake ni "get off". Naye hu-"get on" basi na garimoshi, lakini motakaa hu-"get into", na kushuka kwake ni "get out of". Huwaambia watu kwamba chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on" na "off". Matatu je? Hilo nawaachia makondakta.

Hata hivyo Mswahili hana haki ya kustaajabu sana. Lugha yetu nayo huzigeuza safari za vitenzi, ila sisi hutia vijineno mkiani, vikashikamana. Enda, endea, endesha, endelea: mzizi mmoja, na kila mmoja ameshika njia yake. Mtu "kupitiwa" na usingizi si kupitiwa na gari. Na mgeni ajifunzaye Kiswahili akiambiwa ya kuwa Bwana Mkubwa "amekuja juu", huenda akatazama ngazini, kumbe bwana amekasirika. Mtu wetu akitafsiri hayo "come up", atakuwa amesema jambo limezuka tu, na hasira yote imepotea njiani.

Kuna na jambo la mpango wa maneno. Kitu kikitajwa kwa kifupi, "it" au "him", hukaa katikati: "put it off", "bring it forward"; usiseme "put off it". Kwetu pia hukaa katikati: "wameuahirisha", na ile "u" ndiyo mkutano. Lakini "into" na "across" hazikubali kuachana na kitenzi: "I ran into him", "I came across it". Kanuni nimezisoma nyingi, na kwa maoni yangu sikio hufundisha upesi kuliko kanuni. Ubaya ni kuvikariri vijineno katika orodha ndefu, kama wafanyavyo vijana wakati wa mtihani. Mimi huandika sentensi nzima niliyoisikia, pamoja na aliyeisema na alikuwa akifanya nini, na sentensi mbili au tatu kwa juma zanitosha.

Mwezi uliopita ililetwa barua nyingine yenye "brought forward by two days". Nilijua maana yake, lakini nilishika simu nikamwuliza mwenzangu wa upande wa pili, "Ndugu, nipe tarehe." Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Nikamngoja amalize kucheka, akanipa tarehe, nami nikaiandika katika tangazo mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno.