Aspirini ya Baba Si Lazima Imfae Mama

Katika baadhi ya nyumba, baba akiandikiwa aspirini ya moyo hospitalini, pakiti huwa ya familia. Mama naye humeza kidonge kila asubuhi akiamini anajikinga. Wakazi wanashauriwa kuacha mtindo huo, kwani damu ya mwanamke na ya mwanamume hazigandi kwa namna moja.

Kazi ya kugandisha damu huanzwa na chembe sahani. Chembe hizi ndogo mno hukimbilia mahali mshipa ulipokatika, zikashikamana na kuziba tundu. Kila moja huishi siku 7 hadi 10. Bila chembe hizo, hata jeraha dogo lingevuja damu kwa muda mrefu. Hata hivyo, zikishikamana ndani ya mshipa wa moyo au ubongo, huleta mshtuko wa moyo au kiharusi. Aspirini huzipunguzia uwezo wa kushikamana.

Kwa wastani, wanawake wana chembe sahani nyingi kidogo kuliko wanaume, na vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa za wanawake hushikamana kwa wepesi zaidi.

Matokeo ya dawa pia yametofautiana. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulihusisha madaktari wanaume 22,071. Miongoni mwa waliotumia aspirini, mshtuko wa moyo ulipungua kwa asilimia 44, lakini kiharusi hakikupungua. Utafiti mwingine wa mwaka 2005 ulihusisha wanawake 39,876 wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Kwao, kiharusi kilipungua kwa asilimia 17, ilhali kwa jumla mshtuko wa moyo haukupungua. Wanawake hao walipewa dozi ndogo zaidi, hivyo jinsia pekee haielezi tofauti yote.

Katika tafiti zote mbili, visa vya kuvuja damu viliongezeka miongoni mwa waliotumia aspirini.

Kwa hivyo, usianze kumeza aspirini kila siku kabla ya kupimwa na kushauriwa na daktari. Aliyeandikiwa, wakiwemo akina mama wajawazito, asiiache ghafla bila kumuuliza daktari wake. Anayetumia dawa hii akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu, afikishwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.