Peritonitisi kwa Wazee: Upasuaji Usiosubiri Kesho

Ndani ya tumbo la binadamu umo utando mwembamba unaong'aa, uitwao peritoneamu, ambao huzifunika kuta za tumbo kwa ndani pamoja na viungo vingi vilivyomo, na ambao ukikunjuliwa wote hukaribia ukubwa wa ngozi ya mwili mzima. Kwa kawaida nafasi iliyo kati ya kuta hizo na viungo haina vijidudu, wala haina kitu zaidi ya majimaji kidogo ya kulainisha. Mfuko wa chakula, utumbo au kidole tumbo kikitoboka, asidi, chakula au kinyesi humwagika katika nafasi hiyo, bakteria kama Escherichia coli na Bacteroides fragilis huzaliana kwa kasi, na utando huvimba na kujaa usaha. Hali hiyo ndiyo peritonitisi. Kwa kuwa utando wenyewe ni mkubwa, uvimbe wake huweza kunyonya lita kadhaa za maji kutoka kwenye damu, shinikizo la damu likashuka, na maambukizi yakasambaa hadi kuleta sepsisi, yaani hali ambayo mwili, katika kupambana na vijidudu, huanza kuharibu viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, moyo na ubongo.

Kwa kijana ugonjwa huu haujifichi. Tumbo hukakamaa kama ubao, homa hupanda, na mgonjwa hulala kimya akiogopa hata kukohoa. Kwa mzee mambo huwa tofauti, na hapo ndipo hatari ilipo. Misuli ya tumbo iliyosinyaa kwa umri haina nguvu ya kukakamaa. Joto la mwili huweza kubaki la kawaida au hata kushuka. Chembe nyeupe za damu huweza zisiongezeke. Na mgonjwa anayetumia dawa za moyo au za shinikizo la damu za aina ya propranolol na atenolol hawezi kuonyesha mapigo ya haraka ambayo daktari huyategemea, kwa sababu dawa hizo huyazuia. Mara nyingine dalili inayoonekana nyumbani ni kwamba mzee ameacha kula na ameanza kuchanganyikiwa, akiwaita watoto kwa majina yasiyo yao, na ndugu hudhani ni uzee tu au malaria. Siku mbili hupita hivyo.

Vyanzo vyenyewe navyo hubadilika kadiri umri unavyosogea. Kidole tumbo hakikosi, lakini huongezeka saratani ya utumbo mpana inayotoboka, kibofu cha nyongo kinachooza, na vifuko vidogo vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo mpana na kupasuka. Katika Afrika Mashariki hujulikana pia kujisokota kwa sehemu ya chini ya utumbo mpana, ambako utumbo hujizungusha juu ya mishipa yake, damu ikakatika na nyama ikafa. Hata hivyo, chanzo kinachostahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi ni vidonda vya tumbo, kwa kuwa vingi huchochewa na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wenye magoti mabovu hununua duka la dawa na kuzimeza kwa miezi bila ushauri. Dawa hizo hudhoofisha kinga ya ukuta wa mfuko wa chakula, kisha hupunguza maumivu ambayo yangemtahadharisha mgonjwa kwamba ukuta huo umetoboka.

Mgonjwa anapofika hospitali, picha ya eksirei ya kifua akiwa ameketi wima mara nyingi huonyesha hewa iliyonaswa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na hewa hiyo ni ushahidi kwamba kuna kiungo kilichotoboka. Hapo kazi mbili huenda sambamba. Ya kwanza ni kuurudishia mwili nguvu ya kuhimili kisu: dripu za maji, oksijeni, dawa za kuua bakteria mishipani, ambazo kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake limeshaporomoka zinatakiwa kuanza ndani ya saa 1, mpira wa puani wa kutoa yaliyomo tumboni, na mpira wa mkojo ili kupima kama figo bado zinafanya kazi. Ya pili ni kuandaa chumba cha upasuaji. Moyo wa mzee haustahimili maji mengi yanayomiminwa kwa pupa, kwa hiyo maandalizi huhitaji uangalifu, lakini uangalifu usigeuzwe kisingizio cha kuahirisha. Utafiti uliofanywa Denmark kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 wa vidonda vilivyotoboka, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kila saa ya kuchelewa kupasuliwa iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa asilimia 2.4.

Msingi wa upasuaji huu ulielezwa na daktari Mjerumani Martin Kirschner mwaka 1926, nao haujabadilika: ziba chanzo, kisha ondoa uchafu. Mgonjwa akishapewa nusukaputi, tumbo hufunguliwa katikati kutoka juu hadi chini ya kitovu, usaha hufyonzwa, na vipande vya utando wa manjano ulioganda juu ya utumbo huondolewa kwa mkono bila kukwangua. Ikiwa chanzo ni kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, tundu lenyewe mara nyingi halizidi milimita chache, jambo ambalo humshangaza mtu akilinganisha na lita za uchafu zilizotoka humo. Nyuzi tatu au nne hupitishwa pande zote mbili za tundu, kipande cha omentamu, pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, huvutwa na kulazwa juu yake, na mafundo hufungwa kwa wepesi, kwa sababu yakikazwa sana hukata damu ya kiraka hicho na kiraka hufa. Njia hii, iliyoenezwa na Roscoe Graham wa Toronto mwaka 1937, haihitaji vifaa vya gharama, nayo humtoshea mzee kwa kuwa ni fupi. Mwisho tumbo huoshwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu.

Utumbo mpana ukitoboka kazi huwa ngumu zaidi, kwani kinyesi kina bakteria wengi mno na mshono uliofanywa ndani ya usaha huweza kuachia. Ndiyo maana bado hutumika mbinu ya Mfaransa Henri Hartmann, aliyeieleza mwaka 1921 kwa ajili ya saratani: kipande kilichoharibika hukatwa, sehemu ya chini hufungwa, na ncha ya juu hutolewa kwenye ngozi ili kinyesi kitokee katika mfuko. Familia huelezwa kwamba utumbo utaunganishwa baadaye, ingawa ukweli ni kwamba wazee wengi huishi na mfuko huo hadi mwisho, na ni vyema waelezwe hivyo kabla ya kutia saini.

Swali la kama mzee apasuliwe au la huulizwa vibaya linapoulizwa kwa miaka. Kipimo cha Mannheim, kilichobuniwa Ujerumani kukadiria hatari ya peritonitisi, hutoa alama 5 kwa umri unaozidi miaka 50, 7 kwa kushindwa kwa kiungo na 12 kwa kinyesi kilichomwagika tumboni, kati ya jumla ya alama 47. Umri peke yake, basi, si hukumu. Kinachotabiri zaidi ni hali aliyokuwa nayo kabla ya kuugua, ambayo Kenneth Rockwood wa Kanada aliipangia ngazi mwaka 2005: je, alikuwa akitembea, akijihudumia, akikumbuka? Mwenye miaka 80 anayelima bustani yake ana matumaini kuliko wa miaka 65 asiyeweza kuinuka kitandani. Kwa huyo wa pili, kutuliza maumivu na kumwacha na watu wake huweza kuwa tiba ya heshima kuliko kisu, mradi uamuzi ufanywe naye mwenyewe akiweza kusema.

Baada ya upasuaji, dawa za bakteria hazihitaji kurefushwa kwa hofu: utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku 4 zilitosha sawa na takriban siku 8, chanzo kikishazibwa vizuri. Kinachohitajika zaidi ni kumkalisha mgonjwa na kumtembeza mapema ili mapafu yasijae na damu isigande miguuni, kumlisha, na kumrudishia miwani yake ili asizidi kuchanganyikiwa.

Kwa hiyo mzee aliyeumwa tumbo ghafla, akaacha kula na kuanza kusema yasiyoeleweka, asipewe dawa ya kuharisha wala kuongezewa vidonge vya maumivu. Apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali inayofanya upasuaji, na wanaomsindikiza wachukue dawa zote anazotumia.