Mtoto wako anacheza gofu? Ziache nyonga zake zigeuke

KWA mzazi aliyesimama pembeni ya uwanja, gofu ni mchezo mpole kuliko yote. Hakuna kukwatuana, hakuna kugombea mpira, na mtoto harudi nyumbani na goti lililochubuka. Ndiyo maana wengi wanaowapeleka watoto kwenye viwanja kama Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam, Gymkhana ya Arusha au Muthaiga jijini Nairobi hawawazi kabisa habari za majeraha.

Lakini waulize watu wazima waliocheza miaka mingi, wengi watakushikia kiuno. Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ni miongoni mwa malalamiko makubwa ya wacheza gofu, wawe wa kulipwa au wa kujifurahisha. Chanzo chake kimojawapo huanza mapema, pale mtoto anapofundishwa kugeuza mwili kabla ya kupiga mpira.

Hesabu ya nyuzi 90

Mchezaji anayepiga kwa mkono wa kulia huanza kwa kuvuta fimbo nyuma. Mabega yanageukia kulia mpaka mgongo wake unaelekea kule anakotaka mpira uende. Huo ni mgeuko wa takribani nyuzi 90, yaani robo ya duara. Nyonga nazo hugeuka, ila kwa nusu yake, kama nyuzi 45.

Nyuzi 45 zinazobaki lazima zitoke kwenye uti wa mgongo. Pingili za kifuani, zile zilizoungana na mbavu, zimeumbwa ziweze kujizungusha, na kwa pamoja hutoa kama nyuzi 35. Pingili tano za kiunoni ni habari nyingine. Zinainama mbele na kunyooka nyuma vizuri, lakini viungo vyake vimekaa kwa namna inayozuia kujizungusha. Zote tano kwa pamoja hutoa kama nyuzi 10 tu kwa kila upande.

Thelathini na tano na kumi ni arobaini na tano. Hesabu inatimia, lakini haibakizi chenji.

Sasa mwambie mtoto akaze nyonga zisisogee, ziishie nyuzi 25. Kama mabega bado yanatakiwa kufika 90, mgongo unadaiwa nyuzi 65. Deni hilo ndilo kiuno hulazimishwa kulilipa, mara mia kwa siku moja ya mazoezi.

Wazo la kubana nyonga

Zamani wachezaji wakubwa hawakubana nyonga. Jack Nicklaus wa Marekani, aliyeshinda mataji makubwa 18 kati ya mwaka 1962 na 1986, alikuwa akiinua kisigino cha mguu wa kushoto anapovuta fimbo nyuma ili nyonga zigeuke kwa uhuru. Taji lake la mwisho kati ya hayo alilitwaa akiwa na umri wa miaka 46.

Mwaka 1992 mwalimu wa gofu Jim McLean, naye wa Marekani, aliandika kwamba wanaopiga mpira mbali zaidi ni wale wenye pengo kubwa kati ya mgeuko wa mabega na mgeuko wa nyonga. Wazo hilo lilienea haraka. Mwili unaojikunja kama springi hupata nguvu, hilo ni kweli. Lakini wengi walilichukua kwa njia ya mkato: badala ya kuongeza mgeuko wa mabega, wakazizuia nyonga. Leo mafundisho hayo yamejaa kwenye video ambazo mzazi na mtoto hutazama pamoja kwenye simu.

Tiger Woods, mmoja wa wachezaji waliogeuza mwili kwa nguvu na kasi kubwa, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2014, mara mbili mwaka 2015, na mwaka 2017 akaunganishwa pingili za chini. Alirudi na kushinda Masters mwaka 2019, akiwa na miaka 43. Mgongo wake ulibeba mengi, yakiwemo mazoezi mazito tangu utotoni, hivyo si haki kulaumu jambo moja. Hata hivyo, mzigo wa mapigo maelfu kwa maelfu ulikuwa sehemu yake.

Ulaini wa mtoto unadanganya

Mtoto ana viungo laini. Akiambiwa abane nyonga na azungushe mabega, ataweza, tena bila kulalamika. Mtu mzima mwenye mgongo mkavu angeshindwa na kuacha. Hapo ndipo hatari inapojificha.

Mifupa ya mtoto bado inakua, hasa katika kipindi cha kurefuka haraka, ambacho kwa wasichana wengi huja kati ya miaka 10 na 13 na kwa wavulana kati ya 12 na 15. Kujizungusha huku ukijinyoosha nyuma, tena na tena, kunaweza kuleta ufa mdogo upande wa nyuma wa pingili ya kiuno. Ni jeraha lile lile linalowapata vijana wa jimnastiki na warushaji wa mpira wa kasi kwenye kriketi.

Mzazi afanye nini

Kwanza, mpime nyumbani. Mkalishe mtoto kwenye kiti, magoti pamoja, aweke fimbo ya ufagio mabegani na kuishika kwa mikono iliyopishana kifuani. Ageuke kulia, kisha kushoto, bila kusogeza magoti. Akifika nusu ya robo duara, yaani nyuzi 45, kila upande, yuko vizuri. Kama upande mmoja umekaza kuliko mwingine, mwambie kocha.

Pili, muombe kocha amruhusu mtoto kuachia nyonga. Kuinua kisigino cha kushoto kidogo au kuelekeza ncha ya mguu wa kulia nje kidogo hupunguza mzigo wa kiuno. Mpira ukipungua mita chache si hasara. Umbali utakuja akikua.

Tatu, angalia fimbo. Fimbo ya baba iliyokatwa kwa msumeno bado ni nzito kwa mtoto, na humvuta mwili mzima. Anahitaji inayolingana na urefu na nguvu zake.

Nne, hesabu mapigo na siku. Apashe mwili moto kwanza, apumzike siku kadhaa kwa wiki, na acheze michezo mingine. Kuogelea na mpira wa miguu huupa mwili kazi tofauti. Akibeba begi la fimbo, mikanda yote miwili ikae mabegani.

Usisubiri dalili hizi

Maumivu ya misuli baada ya mazoezi huisha ndani ya siku chache. Mpeleke mtoto kwa daktari kama kiuno kinamuuma zaidi ya wiki mbili, kinauma zaidi anapojinyoosha nyuma, au kinamwamsha usiku. Ganzi au udhaifu wa miguu, homa, au kushindwa kuzuia haja ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mweleze daktari kwamba mtoto anacheza gofu na mara ngapi kwa wiki, kwa sababu ufa wa aina hii unaweza usionekane kwenye eksirei ya mwanzoni. Ukigunduliwa mapema, wengi hupona kwa kupumzika miezi michache na kufanya mazoezi ya viungo, bila upasuaji.

Kabla ya hapo, dawa ya maumivu isitumike kumrudisha uwanjani. Itanyamazisha kiuno tu, na mtoto ataendelea kukizungusha.