Banda Kwanza, Kuku Baadaye

Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake walipotoka. "Maalim," akasema, "kuku wangu sita waliamka wazima Jumatatu, kufika Alhamisi hakubaki hata mmoja. Je, si jicho hili?" Na jirani aliyemdhania akamtaja kwa jina.

Hatukanushi kuwa jicho lipo. Lakini tulipomhoji, alitueleza kinyesi cha kijani, kuhema kwa mdomo wazi, mabawa kuanguka na shingo kupinda. Hizo ni alama za kideri. Jirani yule hana hatia. Aliyeingiza maradhi, kwa dhana yetu, ni jogoo aliyenunuliwa sokoni Ijumaa ya nyuma na kuchanganywa na wenzake jioni ile ile. Kuku mgeni hutengwa majuma mawili, mbali, na chombo chake cha maji kando. Maana huweza kuwa na maradhi mwilini, naye akaonekana mzima.

Kideri hakina dawa. Dawa za antibayotiki zinazouzwa madukani haziui kirusi, na anayezitumia kubahatisha huharibu mali yake, na mayai pia: mayai ya kuku aliye katika dawa hayaliwi wala hayauzwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kumuuzia mtu mayai hayo bila ya kumwambia ni ghushi. Kinga ya kideri ni chanjo, tone moja jichoni, kwa kuku walio wazima, na kurudiwa kila miezi mitatu. Taabu iliyopo ni kuwa chupa moja aghalabu hutosha kuku 100, na ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Mwenye kuku sita huiona ghali, akaiacha.

Ama nyumba ya kuku, tuseme kosa letu wenyewe. Tulipoanza kufuga tulijenga banda mfano wa sanduku: mbao pande zote, mabati juu, na mlango tuliouziba usiku kwa gunia. Hofu yetu ilikuwa wezi na fungo. Wezi hawakuja, wala fungo. Lakini kila asubuhi tulipofungua, harufu kali ilituchoma macho, na kuku wakatoka wakipiga chafya. Joto la pwani na unyevu wake havikuwa na pa kutokea. Tukaling'oa. Pande mbili tukaziweka wavu wa matundu madogo kuanzia usawa wa goti kwenda juu, maana yale makubwa nyoka hupita. Mabati tukayafunika kwa makuti. Na upande unaopigwa na kusi tukautundikia turubai la kuteremshwa wakati wa mvua. Chafya zilikwisha.

Mita moja ya mraba yatosha kuku wanne, wala msizidishe. Chini wekeni maranda makavu, myabadilishe yakilowa, hasa penye vifaranga, kwani kuhara damu huzaliwa penye unyevu. Wawekeeni vijiti vya kulalia juu, na usiku mmoja katika juma mpite na tochi mtazame nyufa za mbao: utitiri hujificha mchana, usiku hutoka kunyonya damu. Shimo la majivu na mchanga mkavu pembeni litawafaa kwa kuoga.

Ndui nayo huletwa na mbu. Mkiona vipele vyeusi kwenye upanga na kando ya macho, mtengeni mgonjwa, wengi hupona. Kuku anayepukutisha manyoya na kuacha kutaga huenda si mgonjwa kabisa, anabadilisha vazi tu. Na kuku hutaga bila ya jogoo. Tunaulizwa hili kila mara. Vifaranga fugeni chini ya tenga mpaka wakue, kwani kunguru wa mji wetu hawana haya.

Tuhimize pia kuhusu waliokufa. Aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, hata mwili ukiwa bado na joto. Azikwe katika shimo refu au achomwe, wala asitupwe jaani, ambapo kuku wa jirani watamdonoa na msiba uanze upya.

Mama yule tulimshauri asinunue kuku wengine kwa muda, aoshe banda, alipake chokaa, aliache wazi jua liingie. Kisha ahesabu kuku wa mtaa. Alirudi juzi na hesabu: nyumba tisa, kuku 84, na miongoni mwao 15 wa jirani yule yule aliyemtaja, ambaye ndiye aliyejitolea kuibeba chupa katika barafu kutoka duka la dawa za mifugo. Wamepatana Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa.